Bradford Young: Mpigapicha mweusi aliyepanda kutoka filamu za fedha kidogo hadi Oscar

Januari 24, 2017, Akademia ya Filamu ya Marekani ilipotangaza orodha ya wanaowania tuzo za Oscar, jina la Bradford Young lilikuwa miongoni mwa matano yaliyoteuliwa katika kitengo cha upigaji picha. Kazi iliyomfikisha hapo ni filamu ya Arrival. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuorodheshwa katika kitengo hicho tangu tuzo hizo zianze kutolewa mwaka 1929, na mtu mweusi wa pili kutoka pembe yoyote ya dunia. Aliyemtangulia ni Remi Adefarasin, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aliyepiga picha za filamu ya Elizabeth ya mwaka 1998.

Young hakushinda. Tuzo ilimwendea Linus Sandgren wa Sweden kwa filamu ya La La Land. Hata hivyo, njia iliyomfikisha Young katika orodha hiyo ina mengi ya kumfaa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa mwalimu aliyemfunza alitoka Ethiopia, na tatizo alilolishughulikia maisha yake yote ya kazi ni lile lile linalomkabili mpigapicha wa harusi mjini Kitengela kila Jumamosi saa sita mchana.

Lugha yetu haijamtendea haki mtu huyu wa kamera. Neno mpigapicha humtaja mwenye studio ya picha za kitambulisho, mwanahabari wa gazeti, na pia yule anayeamua jinsi filamu nzima itakavyoonekana. Huyu wa mwisho, ambaye hapa tutamwita mpigapicha mkuu, ndiye anayechagua lenzi, anayepanga taa au kuzizima, na anayeamua kamera isimame au itembee. Mwelekezi husema anachotaka mtazamaji ahisi. Mpigapicha mkuu hutafuta mwanga utakaoifanya hisia hiyo ionekane. Magazeti yanapoandika kuhusu filamu humtaja mwelekezi na waigizaji, mara chache sana humtaja yeye.

MWALIMU KUTOKA GONDAR

Bradford Young alizaliwa mwaka 1977 mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Akiwa kijana wa umri wa miaka 15 hivi alihamia Chicago kwa babake baada ya mamake kufariki. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, chuo kilichoanzishwa mwaka 1867 na ambacho kimewalea wasomi wengi weusi wa Marekani.

Huko Howard alikutana na Haile Gerima. Mwelekezi huyu alizaliwa Gondar, Ethiopia, mwaka 1946, akaenda Marekani mwaka 1967 kusomea uigizaji Chicago, kisha akahamia Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Pale alikuwa mmoja wa kundi la wanafunzi weusi, wakiwemo Charles Burnett na Julie Dash, waliokataa kuiga filamu za Hollywood na kuamua kusimulia maisha ya watu wao kwa namna yao. Mwaka 1975 Gerima alianza kufundisha Howard. Mwaka uliofuata alitoa filamu ya Harvest: 3,000 Years, aliyoipiga nchini kwao kuhusu wakulima na kabaila wao.

Gerima hakufundisha kamera kama chombo tu. Somo lake lilikuwa kwamba kila picha ina msimamo, na kwamba mtu mweusi asingoje ruhusa ya kampuni kubwa ili ajisimulie. Mwenyewe aliliishi somo hilo. Filamu yake ya Sankofa, iliyotolewa mwaka 1993 na inayohusu utumwa, ilipokosa msambazaji, yeye na mkewe Shirikiana Aina walikodi kumbi za sinema mji baada ya mji na kuionyesha wenyewe. Watu walipanga foleni.

Young alikuwa mmoja katika mlolongo mrefu. Ernest Dickerson alipita Howard akisomea usanifu wa majengo kabla ya kwenda New York alikokutana na Spike Lee. Ndiye aliyepiga picha za She's Gotta Have It ya mwaka 1986, filamu iliyopigwa kwa siku 12 tu kwa dola zipatazo 175,000, kisha Do the Right Thing ya mwaka 1989 na Malcolm X ya mwaka 1992. Arthur Jafa, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1960, naye alipita Howard. Alipiga picha za Daughters of the Dust ya Julie Dash, akatuzwa kwa upigaji picha bora katika tamasha la Sundance mwaka 1991. Malik Hassan Sayeed, wa Clockers na Belly, ni wa chuo hicho hicho. Si jambo la kawaida chuo kimoja kuwatoa wapigapicha wakuu wanne wa kiwango hicho, tena katika fani ambayo watu weusi walikuwa wakihesabika kwa vidole.

NGOZI NA KIPIMO CHA MWANGA

Ili kuelewa alichokifanya Young, ni lazima kwanza kuelewa kasoro aliyoirithi.

Vifaa vya kupimia mwanga vimeundwa kwa kuchukulia kwamba kinachopigwa picha hurudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Hiyo ndiyo rangi ya kijivu inayohesabiwa kuwa ya katikati. Ngozi ya Mzungu hurudisha takriban mara mbili ya kiasi hicho, ilhali ngozi nyeusi sana huweza kurudisha pungufu yake. Kifaa chenyewe hakijui tofauti hiyo. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mbele ya anga ya adhuhuri, kamera hupima weupe ulio nyuma yake, hupunguza mwanga, na uso wa mtu huzama gizani. Wengi wetu tunazo picha za shule za aina hiyo, ambamo sare zinaonekana vizuri, mabati ya darasa yanang'aa, na wanafunzi wamebaki macho na meno.

Kasoro nyingine ilikuwa katika filamu zenyewe, yaani mikanda iliyouzwa na viwanda. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina Shirley, kutokana na jina la mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyepigwa picha mwanzoni. Fundi wa maabara alirekebisha rangi hadi Shirley apendeze. Akipendeza yeye, kazi imekwisha. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alieleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha mikanda yake katika rangi za kahawia hayakutoka kwa watu weusi. Yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilikuwa zikitoka vibaya katika matangazo. Kadi yenye nyuso za watu wa rangi mbalimbali ilikuja katika miaka ya 1990.

Dawa iliyozoeleka huko nyuma ilikuwa kumwongezea mwigizaji mweusi taa kali usoni. Matokeo yake yalikuwa uso uliopauka, wenye madoa ya mng'ao kwenye paji na puani, usio na kina chochote. Na pale mwigizaji mweusi aliposimama karibu na mweupe, mwanga ulipangwa kwa ajili ya mweupe, naye mweusi akaachwa apate atakachopata.

Young alichukua njia iliyo kinyume. Alianza na ukweli kwamba ngozi nyeusi, ingawa hurudisha mwanga kidogo kwa jumla, ina mng'ao wake: hushika mwanga wa dirisha, wa ukuta ulio kando, wa taa ya barabarani, kama mbao iliyopigwa msasa vizuri inavyoshika mwanga wa mlango ulio wazi. Kwa hiyo hakuhitaji taa kali ya mbele. Alihitaji chanzo kikubwa na chepesi cha mwanga kutoka upande mmoja, na nyuma isiyong'aa kupita kiasi. Kisha aliacha giza libaki giza. Katika picha zake, nusu ya uso huweza kutoweka kabisa, na nusu inayobaki ikawa na rangi kadha wa kadha, buluu, zambarau, kahawia iliyokolea, ambazo sinema ya zamani haikuwahi kuziona.

Mara nyingi amemtaja Roy DeCarava kama mmoja wa waliomfungua macho. DeCarava alikuwa mpigapicha wa Harlem ambaye mwaka 1955 alitoa kitabu cha picha pamoja na mshairi Langston Hughes. Picha zake ni nyeusi mno kwa mtu asiyezizoea. Ukizitazama kwa subira, nyuso hujitokeza moja baada ya nyingine ndani ya weusi huo.

MIAKA YA FILAMU HURU

Filamu huru ni zile zinazotengenezwa nje ya kampuni kubwa za Hollywood, kwa ruzuku, kwa mikopo, na mara nyingine kwa akiba ya mwelekezi mwenyewe. Young alikulia humo. Alipiga Mississippi Damned ya Tina Mabry mwaka 2009, lakini kazi iliyomtambulisha ni Pariah ya Dee Rees. Kwanza ilikuwa filamu fupi ya mwaka 2007, kisha ikarudiwa kuwa filamu kamili mwaka 2011. Inamhusu Alike, msichana wa miaka 17 wa Brooklyn anayewaficha wazazi wake kwamba anawapenda wasichana wenzake. Rees na Young waliamua kumchukulia msichana huyo kama kinyonga. Akiwa klabuni, rangi za taa za klabu humwangukia na kumfunika. Akiwa nyumbani, rangi ni nyingine. Ni karibu na mwisho ndipo mwanga wa kawaida wa mchana unampata jinsi alivyo. Sundance ilimtuza Young kwa upigaji picha bora mwaka huo.

Katika tamasha lile lile la 2011 kulikuwa na filamu yake nyingine, Restless City ya Andrew Dosunmu, Mnigeria aliyeanzia kwenye mitindo ya mavazi. Mwaka uliofuata ikaja Middle of Nowhere ya Ava DuVernay, iliyogharimu dola zipatazo 200,000, inayomhusu mke anayemngojea mumewe aliye gerezani. DuVernay aliondoka Sundance na tuzo ya mwelekezi bora, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata katika kitengo cha filamu za kubuni.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi bora ya Young ni Mother of George ya mwaka 2013, tena ya Dosunmu. Wanandoa Wayoruba wanaoishi Brooklyn, Adenike na Ayodele, wameoana kwa sherehe kubwa, lakini miezi inapita bila mimba. Mama mkwe ameshampa jina mjukuu ambaye hajatungwa: George. Hatimaye anamshauri mkaza mwana jambo ambalo jamii nyingi za huku kwetu pia zimelijua na kulinyamazia, kwamba amtafute shemeji yake. Danai Gurira na Isaach de Bankolé ndio wanaoigiza wanandoa hao.

Sehemu ya harusi inayofungua filamu ni somo tosha. Vitambaa vya dhahabu na buluu vinajaa skrini, na nyuso za weusi uliokolea hazififii kando yake hata kidogo. Mwanga unateleza juu ya mashavu na mabega. Harusi inapopita, Young anaanza kumsukuma Adenike pembeni ya fremu. Tunamwona nyuma ya kioo, nusu yake ikikatwa na kizingiti, au akiwa amefifia huku kitambaa kilicho mbele yake kikionekana wazi. Hasemi kwamba nyumba inamsonga, na hana haja ya kusema. Tamasha la Sundance la 2013 lilimtuza Young tena, kwa filamu hiyo na kwa Ain't Them Bodies Saints ya David Lowery, kisa cha wapenzi wahalifu wa Texas ambao ni Wazungu. Tuzo hiyo ya filamu mbili iliwanyamazisha waliodhani kwamba yeye ni mtaalamu wa nyuso za aina moja.

HADI HOLLYWOOD NA KURUDI

Mwaka 2014 zilitoka A Most Violent Year ya J.C. Chandor na Selma ya DuVernay. Selma, iliyogharimu dola milioni 20, inahusu maandamano ya Machi 1965 ya kudai haki ya kupiga kura, na David Oyelowo ndiye Martin Luther King ndani yake. Young aliwapiga viongozi hao wakiwa jikoni, ndani ya magari na kwenye seli, katika mwanga hafifu wa watu waliochoka. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya mwaka na ikashinda ya wimbo bora; DuVernay na Young hawakuteuliwa, na huo ndio mwaka ambao malalamiko kuhusu weupe wa orodha za Oscar yalivuma duniani kote.

Kisha ikaja Arrival ya Denis Villeneuve mwaka 2016, yenye bajeti ya dola milioni 47. Mtaalamu wa isimu, anayeigizwa na Amy Adams, anaitwa na jeshi kujifunza lugha ya viumbe waliotua kutoka angani. Mwingine angeipiga kwa mng'aro wa vyuma na taa. Young aliipiga kana kwamba ni asubuhi ya mvua katika mji wa kawaida. Ndani ya chombo cha wageni kuna ukuta mmoja mweupe wa mwanga, na binadamu wamesimama mbele yake kama wanafunzi mbele ya ubao.

Solo: A Star Wars Story, ya mwaka 2018, ilikuwa na bajeti ya zaidi ya dola milioni 250. Waelekezi wawili wa awali waliondolewa kazini katikati ya upigaji picha Juni 2017, akaletwa Ron Howard, Young alibaki. Watazamaji wengi walilalamika kwamba filamu ni ya giza, na wengine wakazilaumu kumbi zenye mashine zilizofifia. Vyovyote iwavyo, si kazi ya kumpimia.

Lililo la maana zaidi ni kwamba hakuwasahau wa zamani. Mwaka 2017 alimpigia Dosunmu Where Is Kyra?, filamu ndogo inayomhusu mwanamke asiye na kazi, na mwaka 2019 akampigia DuVernay mfululizo wa When They See Us, kuhusu vijana watano wa New York waliofungwa kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Haifai kuhitimisha kwamba ni mweusi pekee awezaye kumpiga mweusi picha nzuri. Moonlight, iliyonyakua Oscar ya filamu bora usiku ule ule wa Februari 26, 2017, ilipigwa na James Laxton, Mmarekani mweupe, na nyuso zake ni za kupendeza. Kadhalika Sean Bobbitt, aliyempiga Lupita Nyong'o katika 12 Years a Slave na baadaye kuipiga Queen of Katwe nchini Uganda. Ujuzi huu hufundishika. Swali ni nani hupewa nafasi ya kuutumia.

HAPA KWETU

Kenya ina mfano wake. Filamu ya Out of Africa, iliyopigwa nchini mwaka 1985, ilizoa tuzo saba za Oscar mwaka 1986, na mojawapo ilikuwa ya upigaji picha, aliyopewa Mwingereza David Watkin. Vilima vya Ngong, vilivyoko Kajiado, vilionekana na ulimwengu mzima katika filamu hiyo. Wamaasai wa uwanda huo wamepigwa picha na wageni kwa zaidi ya karne moja, katika vitabu, kadi za posta na filamu za wanyama, na mara nyingi wamewekwa mbali, wamesimama dhidi ya machweo, weusi wasio na sura. Picha ya namna hiyo ni rahisi kwa mpigaji kwani haimlazimu kuutafutia uso mwanga.

Mabadiliko yanaweza kufuatiliwa katika filamu za mradi wa One Fine Day, ulioanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann na kuendeshwa pamoja na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Soul Boy ya mwaka 2010 ilielekezwa na Hawa Essuman, na Nairobi Half Life ya mwaka 2012 na David Tosh Gitonga. Waelekezi walikuwa Wakenya, waigizaji walikuwa Wakenya, lakini mpigapicha mkuu wa zote mbili alikuwa Christian Almesberger kutoka Ulaya. Alifanya kazi nzuri. Hata hivyo, kiti cha nyuma ya kamera ndicho kilichokuwa cha mwisho kukabidhiwa mwenyeji.

Katika Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyooneshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2016 na kupata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, kiti hicho kilikaliwa na Andrew Mungai. Filamu inaanza na mwanamke, Kaleche, anayejikuta nyikani akiwa amevaa gauni la hospitali, bila kumbukumbu yoyote. Mwanga mkali wa uwanda ulio wazi, ambao ndio adui wa kila apigaye picha kutoka Kitengela hadi Entarara, umefanywa kuwa sehemu ya kisa chenyewe.

Miaka miwili baadaye Likarion Wainaina alielekeza Supa Modo, na Enos Olik akawa mpigapicha mkuu. Jo, msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anaota kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye nyota. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin mwaka 2018, na ndiyo Kenya iliyoiwasilisha kugombea nafasi katika tuzo za Oscar za 2019. Sehemu kubwa ya kisa ni uso wa mtoto mmoja: kitandani, dirishani, na usiku mbele ya skrini ya kijijini, mwanga wa sinema ukimrudia machoni.